Kuchagua kiungo cha mbao kwa meza, kiti, kitanda na kabati: maswali yenye watu wanauliza mara kwa mara

Hii nimeandikia mafundi wa mbao wa hapa Goma, zaidi vijana wenye wanaanza mu atelye (karakana), na pia mutu mwenye anataka kutengenezesha kitu kwa fundi na anataka ajue ataomba nini. Maswali yenyewe njo yale tunaulizwa kila siku, Birere, Ndosho, Katindo, kila mahali kuko fundi na raboti (randa) yake.

Kiungo gani iko na nguvu kushinda vyote?

Kiungo, yaani namna mbao mbili zinaungana, hakuna chenye kinashinda vyote. Kabla ya kuchukua musumeno jiulize maswali mawili. Ya kwanza: hapa mahali, nguvu itakuja ya namna gani? Tirwari (droo) inavutwa kila siku, kwa hiyo kona yake inataka kiungo chenye hakiwezi kuchomoka. Kiti kinatikiswa, mutu anaegemea nyuma, kwa hiyo kinataka kiungo chenye kinakataa kupinda. Rafu ya vitabu inakandamizwa chini tu, inataka mahali pa kulala. Ya pili: huu ubao utakauka na kucheza upande gani? Ukishajibu hayo mawili utaona kiungo karibu kinajichagua chenyewe, na mara nyingi haiko kile kigumu zaidi kutengeneza.

Misumari haitoshi? Watu wengi wanafanya vile na wanauzisha.

Wanauzisha, ndiyo, na kisha miezi michache kiti kinaanza kuimba. Angalia sababu. Musumari unashika vizuri ukipita kati ya nyuzi za mbao, yaani ukiingia kwa ubavu. Ukiupiga mu kichwa cha ubao, kule mwisho kwenye msumeno ulikata, unaingia sambamba na nyuzi na unashika kidogo sana. Na kiti kingi cha hapa kinapigwa hivyo: mbao ya kando, ile yenye inaunga muguu na muguu, kichwa chake kinaegemezwa kwa ubavu wa muguu, musumari unapita mu muguu na kuingia mu kichwa cha ile mbao. Ongeza kwamba mbao ilikuwa bado mbichi, inakauka, inanyweya, tundu la musumari linabaki kubwa. Tangu siku ile kila mara mutu anakaa, musumari unakwenda na kurudi.

Misumari iko na kazi yake. Nyumba zetu za mbao zimejaa misumari na zinasimama miaka, juu ukuta hautikiswi kila asubuhi na kila mangaribi, na mbao zenyewe zinalaliana. Mugongo wa kabati wa tripleksi (plaiwudi), piga misumari midogo, hakuna shida. Lakini kiti, meza na kitanda, pale muguu unakutana na mbao ya kando, hapana. Na mu mbao ngumu kama muvula ao libuyu, hata pale unaruhusiwa musumari, toboa kwanza tundu dogo ao utaipasua.

Ulimi na tundu (tenoni-mortezi): vipimo ni gani?

Mwisho wa ubao mumoja unachongwa ukuwe ulimi, na unaingia mu tundu lenye limechimbwa mu ubao wa pili. Hiki njo kiungo mutu wa mbao anapaswa kukijua kabla ya vingine vyote. Kama unataka kujifunza kimoja tu mwaka huu, jifunza hiki.

Unene wa ulimi ni karibu theluthi moja ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 30, ulimi wa 10. Ubao wa 45, ulimi wa 15. Lakini fanya hesabu ukiwa unaangalia siso (patasi) yenye iko mu sanduku yako: kama iko na upana wa milimita 12, ulimi ukuwe 12, juu tundu unalichimba kwa hiyo siso na upana unatoka wenyewe sawa sawa, hauna haja ya kupanua.

Urefu wa ulimi: kama hautokei upande wa pili, fika theluthi mbili za unene wa muguu. Muguu wa sentimita 7, ulimi wa 4,5 hivi. Tundu uchimbe milimita 2 ao 3 zaidi, kole (gundi) ipate mahali pa kukimbilia. Ukisahau hiyo nafasi kole inasukuma ulimi urudi nje na mabega hayafungi, utapiga nyundo mpaka muguu upasuke.

Mabega, zile sehemu bapa pembeni ya ulimi, njo zinakataza kiti kutikisika. Watu wanatumia nguvu yote kwa ulimi na mabega wanayakata kwa haraka, na mwanga unapita kati. Chora mustari wa mabega kwa kisu, pande zote ine, siyo kwa kalamu ya risasi nene. Musumeno ubaki nje ya mustari, kisha umalizie na siso.

Na mutu asichimbe tundu mpaka juu kabisa ya muguu. Acha sentimita 2 hivi ya mbao nzima pale juu, na upana wa ulimi upunguze kiasi hicho hicho. Kisha wakati unachimba, acha muguu urefuke sentimita 2 ao 3 zaidi ya kipimo, ile ziada inazuia kichwa kisipasuke, utaikata mwisho. Kama mbao mbili za kando zinakutana ndani ya muguu mumoja, vichwa vya ndimi uvikate kwa digrii 45 vipate kupisha.

Ulimi mzuri unaingia kwa kusukumwa na mukono, ao nyundo ya muti pole pole. Ukiingia wenyewe na kuanguka, kole nyeupe haitakusaidia, haijazi nafasi kubwa.

Sina serejwe (kibano) hata moja. Nitabana namna gani?

Swali hili njo linaniuma roho, juu vijana wengi wanaacha ulimi na tundu kwa sababu hii tu, serejwe inauzwa bei na inataka nyingi kwa wakati mumoja. Lakini kuko njia ya wazee yenye haitaki serejwe, na kole inaweza hata kukosa. Ni kijiti chenye kinavuta.

Toboa kwanza muguu, kijitundu cha milimita 8, kipite mu tundu la ulimi upande kwa upande, ulimi ukiwa nje. Sasa ingiza ulimi mpaka mabega yafunge, rudisha ncha ya meshi (chuma cha kutobolea) mu kile kijitundu uweke alama juu ya ulimi. Toa ulimi. Alama hiyo, usitoboe juu yake, sogea milimita 1 ao 1,5 upande wa mabega, hapo njo utoboe. Mbao laini kama sipresi inaweza kuvumilia 2. Rudisha ulimi na kole, piga kijiti: matundu hayalingani, kijiti kinalazimika kupinda kidogo, na kwa kupinda kinavuta ulimi ndani na mabega yanafunga kabisa.

Kijiti chenyewe kisitoke kwa ubao wenye ulikatwa na musumeno ovyo. Chukua kipande kikavu cha mbao ngumu, ukipasue kwa shoka ao siso, nyuzi zikuwe zimenyooka tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha uchonge ncha yake ikuwe nyembamba. Kijiti cha nyuzi zilizopinda kitavunjikia ndani na hakuna namna ya kukitoa. Kikuwe kirefu kuliko tundu, ncha itokee upande wa pili, halafu kata.

Kwa kubana mbao pana za meza, kamba na kijiti cha kusokota inatosha, ao vipande viwili vilivyopigiliwa juu ya ubao mukubwa na kabari mbili zinazogongwa kutoka pande mbili. Mafundi wa zamani walifanya meza nzima hivyo.

Kole peke yake inatosha?

Inategemea inagusana na nini. Ubavu kwa ubavu, nyuzi zikiwa zinalala pamoja, kole nyeupe ya kawaida inashika kushinda mbao yenyewe, ukiivunja mbao itapasuka pembeni ya kole. Kichwa cha ubao kwa ubavu, kole inanyonywa mu nyuzi na inashika vibaya. Ndiyo maana tunafanya ulimi: ulimi unapatia kole ubavu wa kushika. Bana dakika 30 mpaka saa moja, na usikalie kile kitu mbele ya saa 24. Na kole nyeupe ya kawaida haipendi maji, meza ya inje chini ya mvua ya Goma usiitegemeze juu yake, tumia vijiti ao kole yenye imeandikwa kwamba inavumilia maji.

Karatusi yangu iko mbichi na kliya (muteja) anataka kitanda wiki hii. Nifanye nini?

Hapa njo Goma inapotuua. Karatusi inakatwa juma hili, inauzwa juma linalofuata, na ni mbao yenye inanyweya sana, inajipinda, inapasuka vichwa. Libuyu na muvula zenye zinatoka mu pori, upande wa Walikale ao Mambasa, nazo mara nyingi zinafika na maji ndani, hata kama juu zinaonekana kavu. Mbao ya sentimita 2,5 inayokaushwa kwa upepo tu, watu wa ufundi wanahesabu karibu mwaka, na hapa kwetu mvua zinaanza mwezi wa tisa mpaka wa tano, hewa haisaidii sana.

Kama hauwezi kungoja, fanya hivi. Kwanza, mbao kavu zaidi yenye uko nayo ikuwe ndimi, na mbao yenye maji ikuwe miguu. Muguu utakauka na kunyweya juu ya ulimi, utaukamata. Ukigeuza, ulimi ndio unanyweya ndani ya tundu na kitanda kinalegea, na wengi wanageuza bila kujua. Pili, tumia vijiti vya kuvuta kuliko kole, kole nyeupe haishiki vizuri mbao yenye maji. Tatu, usifanye meza ya mbao pana kwa karatusi mbichi. Kitanda ndiyo, benchi ndiyo, meza hapana. Mwambie kliya ukweli. Grevileya inakuwa mupole zaidi kwa mambo haya, na kwa kazi nyingi za ndani inatosha.

Vichwa vya mbao zenye unahifadhi vipake rangi ya zamani ao kole, zipangwe na vijiti katikati, chini ya paa, mbali na jua.

Juu ya nini meza yangu ilipasuka katikati? Mbao ilikuwa kavu.

Mbao haiachi kucheza hata kavu. Mu mvua inapanuka, mu kiangazi inanyweya, na inacheza kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Mbao yenye mistari yake ya kukua, ile unaona mu kichwa cha ubao, inalala bapa inacheza karibu mara mbili kuliko yenye mistari inasimama. Meza ya upana wa sentimita 80 inaweza kucheza milimita kadhaa, hata karibu sentimita moja. Kama uliipigilia visi (skrubu) pande zote mbili mu mbao za kando, haina pa kwenda, inapasuka.

Dawa: usifungie bapa la meza (ile mbao pana ya juu) kabisa. Chonga vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi mufupi, viingie mu mufereji wa mbao ya kando na vishikwe kwa visi kwa bapa, hapo bapa linavutwa chini lakini linaweza kuteleza. Ao toboa matundu marefu kwa visi, marefu kwa upana wa meza. Visi vya katikati tu njo vikaze.

Mwenye anafanyia watu wa Lubumbashi asome hii mara mbili. Kule kiangazi kinaanza mwezi wa tano na kinaendelea mpaka karibu mwezi wa kumi bila mvua, hewa inakauka kabisa, meza yenye ilitoka hapa kando ya ziwa na ilikuwa nzuri inafunguka kule. Acha nafasi nyingi zaidi.

Na mulango wa kabati?

Sababu ile ile. Usifanye mulango kwa bapa moja la mbao nzima. Fanya fremu ya mbao ine kwa ulimi na tundu, ndani yake uchonge mufereji, na kipande cha katikati kikae mu mufereji bila kole hata tone moja, na nafasi ya milimita 2 ao 3 kila upande. Kipande kinacheza ndani, fremu haisogei, mulango unafunga mu mvua na mu kiangazi. Ukiona milango ya makanisa ya zamani yenye bado inafunga, njo imefanywa hivyo. Paka vernis (vanishi) kile kipande mbele ya kukiingiza, ao siku kikinyweya utaona mustari mweupe pembeni.

Tirwari inataka mukia wa njiwa kweli? Ni kazi ngumu.

Kwa tirwari ya kila siku, ndiyo, ni kiungo chenye kinastahili. Mikia, yaani meno yenye yanapanuka kwenye ncha, inakatwa mu mbao za pembeni, na mbao ya mbele inapata vidole vyenye vinaingia kati ya mikia. Unapovuta, umbo lenyewe linakataa kuachana, hata kole ikikufa. Muinuko wa mukia: kwa mbao laini 1 kwa 6, kwa mbao ngumu 1 kwa 8. Yaani panda sentimita 6 na uingie 1. Ukiinamisha sana, ncha za mikia zinakuwa nyembamba na zinavunjika wakati unapiga.

Kwa tirwari yenye inafunguliwa mara moja kwa mwezi, kata tu hatua (kama kidato cha ngazi) mu mbao ya mbele, pembeni ziingie mu ile hatua, kole na vijiti vitatu vinavyoingia kwa mushazari. Itakaa. Lakini usitumie hatua hiyo kwa tirwari ya jikoni na kumwambia mama mwenye nyumba kwamba itadumu.

Kitanda kinaungwa namna gani kama watu wanahama?

Hapa Goma watu wanahama. Nyumba za kupanga, na kuko siku kama ile ya 2021: volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na tarehe 27 mitaa mingi iliambiwa itoke. Kitanda chenye kimepigwa misumari na kole pande zote hakipiti mulangoni, kinaachwa.

Kwa hiyo kichwa cha kitanda na upande wa miguu viunge kabisa, ulimi na tundu na kole. Lakini mbao mbili ndefu za kando, ulimi mufupi wa sentimita 2 bila kole, upate tu kubeba uzito na kukataza mbao isizunguke, na bulo (bolti) moja ndefu kila kona ipite mu muguu na kuingia mu mbao ya kando, na nati mu shimo upande wa ndani. Bulo inavuta, ulimi unabeba. Ufunguo mumoja, dakika chache, kitanda chote kiko juu ya chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili, cha kubeba mizigo). Andika namba mu kila kona kwa siso, usiandike kwa kalamu.

Kiti kinavunjikia wapi kwanza?

Nyuma. Pale mbao ya kando inaingia mu muguu wa nyuma, juu mutu anaegemea na uzito wote unageuka kuwa nguvu ya kufungua ile kona. Kwa hiyo mbao za kando zikuwe ndefu kwa kimo, sentimita 6 ao 7, ulimi mpana unashinda ulimi munene. Ongeza mbao za chini kati ya miguu, na mu kona za ndani weka vipande vya pembe tatu, kole na visi. Na mu parsele (viwanja) zetu chini ni mawe ya volkano, kiti kinasimama kwa miguu mitatu na kinanyongwa kila mutu akikaa. Kiti cha nyumba yenye sima (simenti) nzuri kinaweza kuwa chepesi, kiti cha inje hapa kinataka mbao za chini pande zote ine, usizikate kwa kupunguza bei.

Rafu za vitabu?

Mufereji mu mbao ya pembeni, kina theluthi moja ya unene, rafu iingie ndani. Inatosha. Visi peke yake vinaning'iniza uzito wote juu ya chuma chembamba.

Turiyo (vijiti vya duara) ao visi?

Turiyo ni nzuri kama uko na mashini ya kutoboa wima, juu matundu mawili yakikosana milimita moja kiungo kinakaa vibaya. Kwa mukono, ulimi na tundu inasamehe zaidi. Visi vinakubalika pale kitu kitafunguliwa tena.

Tripleksi na mbao za viwanda?

Usijaribu ulimi wala mukia wa njiwa mu mbao ya unga uliokandamizwa, itabomoka. Mufereji na kole kwa tripleksi, ni nzuri sana, na tripleksi haichezi kama mbao nzima kwa hiyo hapo unaweza kuweka kole pande zote. Mbao ya unga, usipige visi mu ukingo wake bila kutoboa kwanza, na iweke mbali na maji.

Na kukutanisha mbao mbili katikati, kama miguu ya musalaba ya meza ndogo?

Nusu kwa nusu. Kila mbao inakatwa nusu ya unene wake, zinalaliana. Inakuwa nzuri na haraka, lakini ujue kila mbao pale imebakia nusu, usitumie mbao nyembamba.

Chukudu inabeba mifuko mingi na haina viungo hivi vyote. Sasa?

Chukudu ni miti minene ya karatusi, na uzito unakandamiza chini juu ya mugongo wake, hauifungui kona. Na mwenye chukudu anaijua, kila kitu kikilegea anakipiga, kipande kikichoka anakibadilisha. Nani anarekebisha kiti cha sebuleni kila juma? Kila kitu na kazi yake, na wenye wanatengeneza chukudu wanajua mbao vizuri sana.

Mimi sio fundi, ninanunua tu. Nitajua namna gani kwamba kazi imefanywa sawa?

Nenda kuona mbele ya vernis. Vernis nzito na mastiki ya unga wa mbao vinafunika kila kitu, na fundi mwenye amefanya vizuri hatakataa kukuonyesha. Pindua kiti, angalia pale mbao ya kando inakutana na muguu: mabega yanafunga ao kuko mustari mweusi wenye umejazwa? Shika kona mbili zinazotazamana na usukume kwa mushazari, sikiliza kwa mukono, kama kuna kitu kinasogea leo kitasogea zaidi kesho. Tirwari, itoe kabisa, angalia kona zake, kama ni misumari midogo tu utaona vichwa vyake. Bapa la meza, inama uangalie chini namna lilivyoshikwa. Uliza mbao ilikaa atelye muda gani. Na kama fundi anakuambia kitanda cha ulimi na tundu kitachukua juma mbili na jirani yake anasema siku tatu, juma mbili ni bei ya haki, mulipe ile tofauti na umuache afanye.